Watoto Umewaacha na Nani?

Katika mitaa yetu ya pwani, mwanamume akifa na kuacha mke na watoto, hakuna asiyejua la kufanya. Kabla jua halijachwa majirani wamekwisha kufika, mikeka imetandikwa barazani, wanawake wameteka maji na kuinjika masufuria, na yule aliyekuwa hasemezani na marehemu kwa ajili ya mpaka wa kiwanja ndiye wa kwanza kulipokea jeneza begani. Siku zote za matanga watoto wa marehemu hupita mikononi mwa watu, wakapapaswa vichwa na kuitwa mayatima, na jina hilo, zito kama lilivyo, huwa ngao yao, kwa maana tangu siku hiyo kila mwenye imani anajua kwamba kumnyanyasa mtoto yule ni dhambi na kumlisha ni thawabu. Mjane naye ana eda yake ya miezi minne na siku kumi, yenye adabu zake na heshima yake. Lakini mwanamume huyo huyo akichukuliwa na polisi alfajiri, akafikishwa mahakamani, akahukumiwa kifungo cha miaka saba, nyumba ile ile ikabaki bila ya mtu wa kuleta unga, hapana mkeka utakaotandikwa. Jirani hufunga dirisha lake. Mke hana eda wala hana mume; watoto si mayatima wala hawana baba; na desturi zetu, ambazo zimepanga neno la kusema kwa kila msiba, hapa hunyamaza kimya.

Watoto hawa ndio ninaotaka kuwasemea leo, na kabla sijaendelea napenda msomaji ajue nisichokisema. Sisemi kwamba mwizi aachiwe kwa kuwa ana watoto, wala kwamba machozi ya aliyeibiwa ni mepesi kuliko machozi ya mke wa mwizi. Aliyedhulumiwa ana haki yake, na hukumu ya adili ni nguzo ya nchi. Nasema tu kwamba hati ya hukumu huandikwa jina la mtu mmoja, nasi, bila ya kuamriwa na hakimu yeyote, tumejizoeza kuongeza majina mengine chini yake.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikifundisha darasa la nne katika shule moja ya mjini Mombasa, niliwapa wanafunzi wangu insha juu ya kazi ya baba, mada ambayo walimu tulikuwa tukiitoa kila mwaka bila ya kuifikiri. Mvulana mmoja mwembamba, mwenye mwandiko uliolala upande mmoja kama mashua iliyopata upepo, aliandika kwamba baba yake yuko Jeddah, anaendesha lori kubwa, na kwamba Idi ijayo atakuja na baiskeli. Nikamwambia asimame aisome, kwa kuwa ilikuwa nzuri. Alipofika penye baiskeli, sauti ikatoka nyuma ya darasa, sauti ya mtoto wa mtaa wake: "Muongo! Babake yuko ndani!" Darasa zima likacheka. Yule mvulana hakulia wala hakujibu. Alikaa, akazikunjua pini za daftari kwa ukucha wa kidole gumba, akaitoa karatasi ile pasipo kuichana, akaikunja mara nne, akaitia katika mfuko wa shati.

Siku ya pili bibi yake alikuja shuleni, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa kwa mashtaka.

"Mwalimu," akaniambia, "mtoto hana kosa. Ni sisi tuliomwambia babake kaenda Arabuni. Tulitaka kumsitiri."

Neno hilo la mwisho nimeishi nalo tangu hapo. Sitara kwetu ni fadhila kubwa. Mtu huomba sitara katika dua zake, humsitiri jirani yake aliyeteleza, na anayetangaza aibu ya nyumba yake huhesabiwa kuwa amepungukiwa na akili. Tena uongo ule ulikuwa umechaguliwa kwa uangalifu, kwa maana mtaani kwao kila nyumba ya pili ina baba au kaka aliye Jeddah, Muscat au Doha, na hapana ajabu ya mtu kutoonekana miaka mitatu. Lakini mtoto hulipima neno aliloambiwa kwa yale ayaonayo. Huyu aliona kwamba baba za wenzake walio Arabuni hupiga simu usiku wa Ijumaa, hutuma fedha, huleta nguo za Idi kwa mkono wa msafiri. Wake hapigi, hatumi, haleti. Akatoa hesabu ambayo mtoto yeyote angeitoa, ya kwamba baba anaweza, ila hataki. Basi uongo uliokusudiwa kumsitiri baba ulikuwa umemfanya kuwa baba katili, na kifungo, ambacho kwa hakika yake ni kizuizi, kimekuwa machoni pa mwanawe ni kuachwa. Bibi yule hakujua kwamba ukweli aliouogopa ulikuwa mwepesi kuliko uongo alioutoa. Kwani mfungwa anaweza kumpenda mwanawe, na mtoto anaweza kulijua hilo. Lakini msafiri asiyeandika hana udhuru.

Ndiyo maana nasema kwamba msaada wa kwanza anaostahili mtoto wa mfungwa haununuliwi kwa fedha. Ni kuambiwa kweli, na mtu anayempenda, kwa maneno ya kadiri ya hirimu yake, kabla hajaambiwa na adui yake kwa kicheko. Mtoto wa miaka sita hahitaji kusomewa mashtaka. Hutosha ajue kwamba baba alifanya kosa, kwamba wakubwa wakikosa na kukamatwa huwekwa mahali wasipoweza kutoka mpaka muda wao utimie, kwamba wewe mwanangu hukusababisha, kwamba baba anakuwaza, na kwamba utakwenda kumwona. Hayo ya kwamba hakusababisha yakaririwe hata yachoshe, kwani watoto wadogo wana tabia ya kujitwika makosa ya nyumba nzima. Nimemsikia msichana akiamini kwamba mama yake alichukuliwa na askari kwa sababu yeye, usiku ule, alikataa kwenda kulala.

Nitazame wapi nione kwamba lugha yetu imewahi kumsikia mtoto huyu? Kiswahili kina sauti ya mfungwa mwenyewe, na ni sauti tukufu: Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kati ya 1969 na 1972 kwa kuandika aliyoyaandika juu ya serikali ya siku zile, alitoka na diwani ya Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa 1973, nayo husomwa na watu ambao hawajui hata jina la hakimu aliyemhukumu. Lakini sauti ya mtoto aliyebaki nyumbani bado haijapata mwandishi wake, na labda haijapata kwa sababu mtoto huyo amefundishwa tangu mapema kwamba kusema ni kuvunja sitara.

Badala ya sauti yake tunayo methali. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," husema mtu mzima akiwa barazani, na kahawa mkononi, mtoto akipita. Na husema kwa sauti ya kadiri, isiyo kubwa ya kuonekana kwamba alikusudia asikike, wala ndogo ya kutosikika. Naziheshimu methali, nimezifundisha maisha yangu yote. Lakini wahenga waliotuachia hiyo ndio hao hao waliotuachia kwamba mkono mmoja haulei mwana, na mtu huchagua katika hazina ile neno linalofanana na moyo wake. Tena sijui dini inayoiunga mkono. Anayefungua Suratul An'am atakuta imekatazwa nafsi moja kutwikwa dhambi za nyingine, na anayefungua kitabu cha Ezekieli, mlango wa kumi na nane, atakuta fundisho lile lile limeelezwa kwa urefu, la kwamba mwana hatalipishwa uovu wa babaye. Wakazi wa mtaa huenda msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili, wakayasikia haya na kuyaitikia. Kisha mvulana akiibiwa kalamu darasani, mfuko wa kwanza kupekuliwa ni wa mtoto wa mfungwa. Mtoto akitafutwa kwa miaka kumi mahali ambapo nyoka hukaa, ni ajabu gani siku moja akikutwa pale?

Hapo zamani walau hatukuwa tumewaweka wafungwa mbali na macho yetu. Neno gereza lenyewe, ambalo wataalamu wa lugha hulirejesha kwenye neno la Kireno la kanisa, kwetu lilikuwa jina la ngome kabla halijawa jina la kifungo, na magofu ya Kilwa Kisiwani bado yana Gereza ambalo maana yake ni hiyo ngome. Fort Jesus ilikuwa jela tangu 1895 hata 1958, na ngome ya Lamu iliendelea kuwa jela mpaka 1984. Zote mbili ziko katikati ya mji, hata mke wa mfungwa akienda sokoni alipita chini ya ukuta wa mumewe, na mtoto akicheza uwanjani aliweza kuonyeshwa kwa kidole: pale. Sizisifu jela zile, zilizokuwa na joto na dhiki ambazo kuta zake zinazikumbuka. Nakumbusha tu kwamba ukuta mnene ulio karibu humtenga mtu kidogo kuliko wavu ulio mbali. Leo mtu aliyekosa Kilifi anaweza kupelekwa Manyani, au Kamiti, au Naivasha, kwa sababu za nafasi na za usalama ambazo huenda ni za haki, lakini katika kuzipima sababu hizo nani aliyetia katika mizani nauli ya bibi anayeuza mbaazi na mahamri? Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wafungwa, zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zinataka mfungwa awekwe karibu na kwao kadiri iwezekanavyo. Jina hilo halikutolewa bure. Katika kisiwa cha Robben watoto waliopita miaka miwili na wasiofika kumi na sita hawakuruhusiwa kuwazuru baba zao, na Zindzi, binti mdogo wa Mandela, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili baba yake alipokamatwa Agosti 1962, hakukanyaga kisiwa kile kumwona mpaka mwaka 1975.

Bibi wa yule mvulana alikwisha kwenda gerezani mara mbili peke yake. Baada ya mambo ya ile insha alimwambia mjukuu wake kweli, na mara ya tatu akaniomba nifuatane nao, kwa kuwa hajui kusoma na aliogopa vibao. Sitalitaja gereza lenyewe. Tulifika saa nne za asubuhi, mvulana amevaa kanzu yake ya Idi, bibi ana mfuko wenye vipande viwili vya sabuni, dawa ya meno na mkate wa kumimina aliouoka usiku. Askari wa langoni hakuwa mtu mbaya. Alitutazama, akautazama mkate, akasema, "Bibi, leo si siku yake. Na hicho chakula hakiingii." Tukarudi. Mvulana alikaa dirishani njia nzima, na mkate ule alikataa kuuonja.

Tulikwenda tena baada ya wiki mbili. Safari hii walituingiza katika chumba kirefu kilichogawanywa kwa nyavu mbili zenye nafasi baina yake, upande huu wageni, upande ule wafungwa, na wote wakisema kwa pamoja, hata ikawa lazima kila mmoja apaze sauti ili asikike, na kila aliyepaza akawalazimisha wengine kupaza zaidi. Baba alitokea. Alikuwa amemwacha mwanawe akianza darasa la kwanza. Akauliza jambo, hatukulisikia. Akauliza tena, akiandika hewani kwa kidole, na mvulana akafahamu. Akainua mkono, akaonyesha vidole vinne. Yule baba akavitazama kwa muda, akainua mkono wake mwenyewe, akavihesabu vyake kimoja kimoja mpaka vikalingana, kisha akageuka akaukabili ukuta mpaka alipoweza kututazama tena. Muda ulikuwa umebaki dakika chache tu, nao ulipita hivyo.

Sidai kwamba ziara ile ilimponya mtoto. Bibi aliniambia kwamba kwa miezi kadhaa aliendelea kukojoa kitandani, jambo alilolianza siku ya kukamatwa kwa baba yake. Lakini aliacha kupigana uwanjani, na akiulizwa baba yuko wapi alijibu, "Amefungwa, atatoka," kwa namna mtu anavyojibu kwamba baba yake ni mgonjwa, atapona. Aliyekuwa akimcheka hakuwa tena na la kufichua.

Chumba cha nyavu mbili si amri ya mbinguni. Nchini Kenya mlango ulianza kufunguliwa mwaka 2003, Moody Awori alipokuwa Makamu wa Rais mwenye dhamana ya magereza, na baadaye zikazuka siku maalumu ambazo watoto huingia, wakakaa kwenye majani pamoja na wazazi wao waliofungwa, wakala pamoja, wakashikwa mikono, mama akamsuka bintiye nywele na baba akatazama daftari la shule. Malezi ya mbali, ndivyo mpango huo unavyoitwa kwa tafsiri. Aliyeziona siku hizo anajua kwamba hakuna mkufunzi wa gerezani, pamoja na vyerehani na randa zake zote, anayeweza kumfanya mfungwa atamani kuwa mtu mwema kama anavyofanya mtoto wake kwa saa tatu. Zanzibar wanaliita gereza Chuo cha Mafunzo. Nalipenda jina hilo, na naomba liwe na somo hili ndani yake. Kasoro ni kwamba siku hizo ni chache, hutegemea moyo wa mkuu wa gereza na hisani ya wafadhili, na hutangazwa kwa watu ambao tayari wanajua njia. Zingekuwa kanuni ya kila mwezi katika kila gereza, si tunu ya sikukuu.

Wako pia watoto walio ndani kabisa, ambao hawakumfuata mzazi langoni bali waliingia naye mgongoni. Sheria ya Magereza ya Kenya inamruhusu mama kuwa na mtoto wake mchanga gerezani mpaka atimize miaka minne, au mpaka papatikane mahali pengine pa kumlea, lolote litakalotangulia. Ni huruma ya lazima, kwani mtoto anyonyaye atanyonya wapi? Lakini fikiri mtoto wa miaka mitatu ambaye hajapata kuona giza la usiku lisilo na taa ya mlinzi, ambaye mchezo wake ni kuhesabiwa, anayewaita mama wote waliovaa sare moja. Na fikiri siku anapotimiza minne, anapotolewa mlangoni kwenda kwa shangazi asiyemjua. Siku hiyo kifungo cha mama huanza upya, na cha mtoto huanza kwa mara ya kwanza. Zimekuwapo nyumba za hisani zinazolipokea jambo hili, kama ile ya The Nest huko Limuru, na jirani zetu wa Uganda wana shirika la Wells of Hope linalowasomesha watoto wa wafungwa na kuwapeleka kuwaona wazazi wao. Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini hisani ni ndoo, na kisima ni wajibu wa dola.

Na dola imekwisha kuweka saini. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa mwaka 1990, una kifungu cha thelathini ambacho sijaona mfano wake katika mikataba mingine mikubwa: kinazitaka serikali zifikirie kwanza adhabu isiyo ya jela kila mama wa mtoto mdogo anapohukumiwa, na mwaka 2013 kamati ya wataalamu inayousimamia mkataba ilifafanua kwamba kifungu hicho kinamhusu kila mlezi ambaye mtoto anamtegemea, akiwamo baba. Kenya iliuridhia mwaka 2000, Tanzania ikafuata mwaka 2003. Fauka ya hayo Kenya ina sheria ya mwaka 1998 inayomruhusu hakimu, pale ambapo kifungo kinachostahili hakizidi miaka mitatu, kumwamuru mkosaji afanye kazi ya umma bila ya ujira na kurudi kulala kwake. Na mwongozo wa utoaji wa hukumu wa 2016 ulimtaka hakimu awatazame wale wanaomtegemea mshtakiwa. Sheria, basi, hazikupunguka. Kilichopunguka ni swali.

Nenda mahakamani asubuhi moja ukakae benchi la nyuma. Utasikia mshtakiwa akiulizwa jina, akiulizwa kama amefahamu mashtaka, akiulizwa kama ni kweli au si kweli. Mwendesha mashtaka ataulizwa kama mtu huyu ana rekodi ya zamani. Mwanamke aliyekamatwa na mtungi wa pombe ataambiwa faini yake, na miezi atakayokaa akishindwa kuilipa. Naye, akiwa hana wakili, akiona haya, akiwa hajui kwamba ana ruhusa ya kusema, atainamisha kichwa, na kesi inayofuata itaitwa. Nimekaa benchi hilo. Niliwahi kumwona mwanamke wa namna hiyo akiondoka kizimbani, na alipofika mlangoni ndipo alipomgeukia askari na kumwambia kwa sauti ndogo kwamba watoto wake wawili amewafungia nyumbani, na ufunguo anao. Aliutoa ule ufunguo kifuani, umefungwa katika pindo la leso. Askari, kwa bahati, alikuwa na moyo. Lakini je, ni sawa maisha ya watoto wawili yategemee moyo wa askari aliyekuwa zamu?

Mnamo Septemba 2007 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kesi ya mama mmoja aliyetajwa kwa herufi M tu, ili wanawe watatu wasijulikane. Alikuwa akiwalea peke yake, naye alikuwa mkosaji hasa, aliyerudia udanganyifu wake hata alipokuwa nje kwa dhamana. Jaji Albie Sachs, aliyeijua jela ya makaburu kwa mwili wake, na aliyepoteza mkono na uoni wa jicho moja kwa bomu mjini Maputo mwaka 1988, aliandika hukumu ambayo shina lake ni kwamba mtoto ni mtu kamili mwenye hadhi yake, si tawi la mzazi lianguke kila unapoanguka mti. Hakimu, kwa hukumu ile, ana wajibu wa kuuliza kama mshtakiwa ndiye mlezi, kupima kitakachowapata watoto, na hata pale jela isipoepukika, kuhakikisha kwamba wana mahali. Si majaji wote walioafiki. Mama yule hata hivyo alirudishwa nyumbani chini ya uangalizi, akaamriwa kuwalipa aliowadanganya. Waliodhulumiwa waliwekewa njia ya kurudishiwa fedha zao, na watoto wakabaki na mama. Katika jela wangepata nini?

Najua jibu litakalotolewa, kwani nimelisikia: wakosaji watawafanya watoto kuwa kinga. Huenda wako watakaojaribu. Lakini swali halimfungui mtu. Muuaji atakwenda jela hata akiwa na watoto kumi, na ni sawa aende. Swali linataka tu kwamba, akiisha kwenda, pawe na mtu serikalini anayejua watoto hao kumi wamelala wapi usiku ule. Tangu sheria yake ya watoto ya mwaka 2001, Kenya humhesabu mtoto ambaye mzazi wake amefungwa miongoni mwa wanaohitaji malezi na himaya. Afisa wa watoto atamhamije asiyeambiwa yuko? Naomba mstari mmoja katika kitabu cha matukio cha polisi, na mstari mmoja katika jalada la mahakama: ana watoto wangapi, na amewaacha na nani. Jibu lipelekwe siku ile ile kwa afisa wa watoto na kwa chifu.

Shule nazo zina lao. Fomu za basari huuliza kama mwanafunzi ni yatima, na hudai cheti cha kifo. Mtoto wa mfungwa hana cheti, kwa kuwa msiba wake hautolewi cheti, naye hurudishwa nyumbani kwa karo akiwa katika shimo lile lile la ufukara. Barua ya chifu ingetosha. Kamati za zaka na za kanisa zingeweza kumwongeza katika daftari zao bila ya kubadili hata neno moja la dini. Na walimu wenzangu wangeiacha ile insha ya kazi ya baba. Ziko mada nyingi.

Yule mvulana leo ni mtu mzima, fundi wa majokofu, na baba yake alitoka akaishi miaka tisa nyumbani kabla ya kufariki. Katika matanga yake tulikaa wote mkekani. Nilimwuliza ni kipi alichokikumbuka zaidi cha siku zile, nikitumaini moyoni kwamba atataja shule. Akasema ni nauli. Kila mwezi bibi yake alikuwa akiihesabu juu ya mkeka, shilingi kwa shilingi, na mwezi ambao haikutosha walikuwa hawaendi.

Hakimu na aulize, basi, na serikali itimize ilichokitia saini. Lakini wewe unayesoma, mtaani kwako iko nyumba ya namna hii, na unaijua. Kapige hodi. Uliza ni lini siku ya kumwona mfungwa wao, na uwape nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi.